Kamani ya Mzee Praful

Mizani yangu ya kupimia mabegi niliinunua Kilburn, ile ya kushika mkononi yenye ndoano chini na kioo cha namba juu. Kila Mtanzania wa London anayo, kwa sababu kila mmoja wetu ameshawahi kufungua begi mbele ya watu pale uwanja wa ndege na kuanza kuvaa nguo za zawadi juu ya nguo zake. Miaka yote niliitumia kwa kazi hiyo tu. Kisha vuli moja nikarudi kutoka kazini nikaikuta jikoni, ndoano yake imeshika nyundo ya bastola, na mwenye nyumba wangu, Mzee Praful, anaivuta polepole huku ameyatoa macho kwenye namba.

"Shikamoo, baba. Na hiyo tena ni nini?"

"Marahaba. Hii ni mizani yako."

"Mizani naijua. Nauliza hicho kingine."

"Hicho kingine pia unakijua. Usiegemee meza, unanitikisia."

Nilikuwa nakijua, ni kweli. Siku niliyohamia kwake, Neasden, alinipeleka kwenye kabati la chuma lililokazwa ukutani kwa boliti. Akaniambia ndani mna bastola moja, ina kibali cha polisi, ufunguo unapokaa anapajua yeye peke yake, na kama siwezi kulala nyumba moja na kitu hicho nitafute chumba kwingine. Nikamwambia anioneshe. Alipoitoa nilicheka mpaka akakasirika. Kwetu Kibosho babu yangu alikuwa na gobore la kufukuzia nyani shambani, na hili la Mzee Praful lilikuwa gobore vilevile: unamimina baruti, unashindilia risasi, unavisha fataki ya kuwashia baruti kwa nyuma. Tofauti ni kwamba lake lilikuwa fupi na lilikuwa na matundu sita. Serikali ya hapa ilipopiga marufuku bastola za kawaida miaka ya tisini, haya magobore mafupi iliyaacha kwa mtu mwenye kibali na klabu ya kulenga shabaha. Mzee alikuwa na vyote viwili.

"Gobore!" alisema siku ile, akilifuta kama nililichafua kwa neno. "Nyie watu wa mlimani bwana."

Yeye alikuwa mtu wa mjini, Moshi mjini, mtaa wa maduka. Baba yake aliuza saa na kutengeneza bunduki za wawindaji, na Praful alikulia nyuma ya kaunta ile na tupa mkononi. Majumba yalipotaifishwa wakaondoka. Hapa London alikaa miaka mingi kwenye karakana ya bunduki, karakana ikafungwa. Akafungua kibanda cha saa na funguo Kilburn, watu wakaanza kutazama saa kwenye simu, kibanda nacho kikafungwa. Mkewe Lila alifariki katika chumba kilicho juu ya jikoni, kabla sijahamia. Vitu vyote alivyovishika mtu yule vilifungwa kimoja kimoja, isipokuwa kabati lile la chuma, ambalo alilifungua kila Jumapili asubuhi kwenda klabu.

Klabu ndiyo ilikuwa mahali pekee palipobaki London pa watu wanaomsubiri. Niliwahi kumsindikiza nikaona. Wazungu wazima, wengine wana magari ya kutisha, walipanga mstari na magobore yao: Mr P, tazama hii, Mr P, mbona inakwama. Naye alikuwa anainama juu ya kila moja na kukoroma kidogo puani, amefurahi. Neasden barabarani hakuna aliyemwita kitu chochote.

Sasa nieleze hii kamani, maana bila hiyo hutaelewa huzuni yenyewe. Bastola ya aina ile haijikoki. Kila risasi, lazima uirudishe nyundo nyuma kwa kidole gumba mpaka ikamate, ndipo ubonyeze kifyatulio. Kinachoirusha nyundo mbele ikapige fataki ni kamani, kipande bapa cha chuma kilichopinda, kinakaa ndani ya mpini. Kamani ikiwa ngumu, fataki italipuka kila mara lakini kidole kitaumia. Ikiwa laini, kidole kitapumua lakini siku moja nyundo itaigusa fataki na fataki itakaa kimya. Fundi anatafuta uzito wa katikati, na kwa mtu mwenye mkono mzima uzito huo upo, wala si kazi kubwa kuupata.

Mkono wa Mzee Praful haukuwa mzima. Ninafanya kazi wodi ya wazee. Mikono naijua kuliko nyuso. Nilianza kuona kwenye kikombe cha chai, kisha kwenye vifungo vya shati, kisha nikaona kwamba mkono wa kushoto anautia mfukoni anapozungumza na mtu, hata ndani ya nyumba, hata anapotazama taarifa ya habari. Mfukoni humo ulikuwa unatetemeka. Wa kulia haukuwa unatetemeka bado, ila ulikuwa unapoteza nguvu, na kidole gumba ndicho kilichotangulia.

"Nenda kwa daktari, kwa GP wako, baba," nilimwambia.

"Niende nikamwambie nini?"

"Umwoneshe huo mkono."

"Nimwoneshe, aandike, polisi wasome, waje na gari wachukue kitu changu. Wewe Mchaga una akili sana, hujui hayo?"

"Najua. Na najua pia mkono haujitibu wenyewe mfukoni."

Alininunia kutwa. Mimi nami nilimnunia, maana sipendi kusema jambo mara mbili, na kazini nalisema mara mia.

Ukiuliza kwa nini asikoki kwa mkono wa kushoto, kama wanavyofanya wengi, jibu ndilo hilo: wa kushoto ulikuwa hautoki mfukoni. Wapigaji wa zamani husimama hivyo, mkono mmoja umenyooka na mwingine mfukoni, kwa hiyo pale klabu hakuna aliyeshangaa. Waliona ni madaha ya kizee. Yeye alisimama nyuma ya madaha yale, na yote yakawa yanategemea kidole gumba kimoja.

Mwishoni mwa vuli ile alikuja binti yake, Sonal, kutoka Leicester. Ni mwanamke mzuri, amechoka, anampenda baba yake kwa njia ya kumpangia mambo. Alikuwa na chumba chini kwa ajili yake, choo karibu, wajukuu, na hekalu la karibu japo si kubwa kama la hapa Neasden. Baba mtu alikataa. Walibishana Kigujarati, kisha Kiingereza, na mimi nilikuwa nakata vitunguu hapo hapo, maana jiko ni moja na sikuwa na pa kwenda.

"Mimi bado najiweza," alisema mzee.

"Kila mtu anasema hivyo, Dad. Nani atakuambia siku ambayo hujiwezi? Mimi hunisikii. Daktari humwendei."

Mzee akafikiri. Kisha akasema jambo ambalo fundi tu ndiye angelisema, na aliona ni jepesi kwa sababu alikuwa na uhakika nalo. Kibali chake kilikuwa kinaisha mwaka unaofuata, na katibu wa klabu, bwana mmoja aitwaye Derek, alikuwa ametangaza kwamba wanachama wazee wote watapiga risasi mbele yake kabla hajawaandikia neno zuri kwa polisi. Mzee akasema: klabu ikisema mikono yangu ni mizima, utaniacha nife nyumbani kwangu. Klabu ikisema imekwisha, uza nyumba, nitakuja Leicester na sanduku langu, wala sitakupigia kelele.

"Let the club decide, then," Sonal akasema, akanyoosha mkono, wakapeana kama wafanyabiashara.

Mkono aliotoa mzee ulikuwa wa kulia. Sonal hakuona kingine chochote, na hakusema anachoogopa kuhusu mzee mpweke na kabati la chuma. Mimi pia sikumuuliza.

Ndiyo maana mizani yangu ya mabegi ikahamia jikoni. Kamani ya kiwandani ilivuta karibu kilo nne pale kwenye nyundo, na kidole chake kilikuwa kinaishia njiani. Nilikiona. Kilikuwa kinaanza vizuri, nyundo inanyanyuka, halafu kucha inakuwa nyeupe, kisha nyundo inamponyoka na kurudi. Akaniomba nimsindikize Ilford.

Ilford yuko Tarsem Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, mwenye leseni ya kuuza bunduki. Duka lake liko juu ya duka la vitambaa, unapanda ngazi nyembamba, unabonyeza kengele, anakuchungulia kwenye kamera kabla ya kufungua. Anazungumza Kiswahili cha Kisumu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara.

"Prafulbhai! Na huyu mama ni nani?"

"Mpangaji wangu. Mtu wa nyumbani, wa Moshi."

"Wa Moshi? Basi kaa chini, mama, chai iko. Lakini usinunue kitu, huyu mzee atakuambia kila kitu changu ni takataka."

Walizama kwenye mambo yao. Tarsem alitoa kamani nyembamba ya kuuzwa, iliyovuta kilo mbili na nusu. Mzee aliitia kwenye bastola pale pale juu ya kaunta, akakoki, nyundo ikakamata. Nikaona mabega yake yakishuka. Aliirudia tena na tena, kama mtoto na swichi ya taa.

"Hiyo ni ya mwisho, bhai," Tarsem akamwambia. "Hapo chini hakuna kitu. Ukiikata tena, fataki itakataa."

"Nani amesema nitaikata?"

"Nakujua. Wewe sasa unapima kidole. Na wewe mwenyewe ndiye ulikuwa unatukana watu hapa, ati wanachagua kamani kwa kidole, hawachagui kwa fataki."

Mzee alicheka, na mimi nilicheka kwa sababu wao walicheka.

Jumapili iliyofuata alikwenda klabu na kamani ile, na matundu yote sita yalilipuka. Hali ya hewa ilikuwa nzuri siku ile, jua limetoka kidogo. Alirudi nyumbani na boksi la jalebi, akaniamuru nile, akasimulia kila risasi kana kwamba nilimuuliza. Usiku ule alimpigia Sonal simu akacheka naye. Nilifurahi, sifichi. Nilijua ugonjwa ninaouona, najua unakoelekea, lakini nilifurahi nikala jalebi tatu.

Kisha baridi ikaja. Sijui kama walioko nyumbani wanaelewa baridi ya Neasden, si baridi ya mlimani inayoisha ukiwasha moto. Inaingia kwenye kuta na kukaa humo. Mzee Praful aliwasha hita saa chache tu, nikamgombeza, akawasha, nikienda kazini akazima. Ule mkono wa kushoto ukaanza kutetemesha koti zima. Wa kulia ukawa mgumu asubuhi, ukafunguka baadaye, ukafungwa tena. Kila jioni aliiweka bastola juu ya taulo mezani, tupu, akakoki mara kadhaa, akaishusha, akairudisha kabatini. Ikawa kama dawa. Nikiwa juu chumbani nilisikia ule mlio wa chuma kinapokamata, nikawa nauhesabia afya ya mzee. Ukikosekana mmoja moyo wangu ulishuka.

Jumamosi ya kuamkia mtihani wa Derek nilikuwa sina zamu. Mchana niko jikoni napika maharage, yeye yuko kwenye meza yake. Akakoki, ikakamata. Akakoki, ikakamata. Akakoki, kidole kikateleza, nyundo ikarudi.

Alikaa akikitazama kidole kile. Halafu akainuka, akaleta jiliwa ndogo akaifunga pembeni mwa meza, akatoa kamani ndani ya mpini, akaibana, akachukua tupa.

"Baba," nikasema, "si Tarsem alisema?"

"Tarsem anauza. Mimi ni fundi."

"Itakataa."

"Nachukua pembeni tu. Kidogo. Unaona? Pembeni, kwa urefu, usikate kwa kukatiza, ukikatiza itavunjika." Alikuwa ananifundisha, na sauti ilikuwa imetulia sana, sauti ya mtu aliye kazini. Mkono ule uliokuwa unashindwa kufunga kifungo uliiongoza tupa moja kwa moja, na wa kushoto aliulalia juu ya meza ili utulie. Kisha msasa, kisha mafuta. Akairudisha, akaipima kwa mizani yangu. Ilivuta kilo mbili na kitu.

Akakoki. Ikakamata bila shida. Akakoki tena na tena, na haikuteleza hata mara moja.

"Na fataki?" nikamuuliza.

"Fataki ni zilezile."

"Lakini kamani si ileile. Hujaijaribu."

"Nitaijaribu wapi leo, Restuta? Bustanini?" Akaifunga kwenye taulo. "Kesho nitaijaribu."

Ningeweza kuendelea kubishana. Lakini niliangalia uso wake, na ulikuwa uso wa mtu aliyepata pumzi, nikaona bora maharage yangu yasiungue.

Asubuhi Sonal alikuja na gari akatuchukua. Klabu iko nje kabisa ya jiji upande wa kaskazini, uwanja wa nyasi wenye tuta la udongo mwisho wake, na paa la mabati juu ya wapigaji. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Walitupa vizuia kelele vya masikioni, tukasimama nyuma ya mstari mimi na Sonal, yeye amekumbatia mkoba kifuani. Bwana Derek ni mtu mpole, mwenye sweta lililotoboka kiwiko. Alimwambia mzee asiwe na haraka.

Mzee Praful alipakia mwenyewe, taratibu, kila tundu. Alipomaliza alitia mkono wa kushoto mfukoni, akanyoosha wa kulia, akasimama vizuri. Alikuwa amevaa tai. Nilisahau kusema hilo; alivaa tai.

Akakoki. Ikakamata. Ikalipuka, moshi mweupe ukatanda mbele yake, ile harufu ya mayai viza. Sonal aliruka, kisha akatabasamu kwangu. Akakoki tena, ikalipuka tena. Karatasi kule mwisho ilikuwa na matundu mawili karibu karibu, na mtu mmoja nyuma yetu akasema maneno ya kumsifu.

Akakoki mara ya tatu. Akabonyeza. Nikasikia tak, basi.

Mahali pale wana sheria moja ambayo haina mjadala. Fataki ikikataa, hushushi mkono, hugeuki, hutazami ndani. Moto unaweza kuwa unafuka polepole, na risasi ikatoka baadaye. Unabaki umeelekeza mtutu kwenye shabaha na unasubiri mpaka msimamizi aseme. Kila mtu alijua sheria hiyo, na mzee alikuwa ameifundisha kwa wengi wao.

"Misfire," akasema Derek. "Hold it there, Mr P. Give it time."

Akashikilia. Bastola ile ina uzito, zaidi ya kilo, na mkono ulikuwa umenyooka kwenye baridi. Mwanzo ulitulia. Kisha ncha ya mtutu ikaanza kushuka, akaipandisha. Ikashuka tena, akaipandisha, na safari hii ilipanda kwa kuchezacheza. Nilitaka Derek aseme basi, nilimtazama mdomo wake, na Derek alikuwa anatazama saa yake kwa uaminifu, kama inavyotakiwa.

Ndipo mkono wa kushoto ukatoka mfukoni. Sidhani kama mzee aliutoa. Ulitoka wenyewe kumsaidia mwenzake, kama mkono wowote ungefanya. Nilitamani nimpigie kelele aurudishe. Ulikwenda ukakishika kifundo cha mkono wa kulia, na ulipokishika, bastola nzima ikaanza kutetemeka, mikono yote miwili, mabega, mpaka tai. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa kitu. Derek akasogea nyuma yake taratibu, akaweka mkono wake chini ya mikono ile.

"I've got it, Mr P," akasema. "I've got it. You can let go."

Sonal alinigeukia. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni. "How long?" akaniuliza. "Restuta, how long has he been like this?"

"Ask him," nikamwambia. Sikuwa na jibu lingine ambalo lilikuwa langu kulitoa, na nilikuwa na hasira, na sikujua namkasirikia nani.

Tulirudi na gari la Sonal. Mzee alikuwa mbele, mimi nyuma. Akaanza kuongea Kiswahili, ili asikie mimi peke yangu, maana Sonal kwa Kiswahili anajua salamu na majina ya vyakula.

"Ningeiacha ile ya kwanza," akasema. "Ya kiwandani."

"Ile usingeweza kuikoki, baba."

"Ndiyo. Ningeshindwa pale pale, risasi ya kwanza. Wangesema mzee kidole kimechoka." Akatazama dirishani. "Ningeshindwa mkono uko mfukoni."

Niliumia sana, na bado nikikumbuka maneno yale naumia.

Hakuvunja mapatano. Alikwenda kwa daktari, Sonal pembeni yake, na ugonjwa ukapewa jina lile nililolijua tangu enzi za kikombe cha chai. Bango la kuuza nyumba likasimamishwa mbele ya mlango. Nilitafuta chumba Kilburn. Kilichobaki ni kabati la chuma, na kwa kuwa kibali hakingeendelea, bastola ilitakiwa ikabidhiwe kwa mwenye leseni. Akasema itakwenda kwa Tarsem na hakuna kwingine.

Tulikwenda siku ya kazi, treni ikiwa na nafasi. Tarsem alifungua mlango kabla hatujabonyeza kengele. Safari hii sauti yake ilikuwa ya chini, na chai ilikuwa tayari mezani. Aliipokea bastola, akaikagua, akavuta fomu zake.

"Ngoja," akasema mzee. "Haijakuwa tayari."

"Iko sawa, bhai. Niachie."

"Ina kamani ya mgonjwa. Mtu atainunua, atakwenda nayo uwanjani, itamkatalia. Atasema nani alitengeneza hii?" Akatoa mfukoni kitambaa, ndani yake ile kamani ya kiwandani, ameipaka mafuta. "Kazi mbovu sikabidhi mezani. Nipe bisibisi."

"Nitaibadilisha mimi, Prafulbhai. Dakika moja."

"Nipe bisibisi."

Akapewa. Skrubu za mpini alizitoa mwenyewe; ilichukua muda, na mimi na Tarsem tulikunywa chai ambayo haikuwa na moto tena ili tusimtazame. Akaichomoa ile nyembamba aliyoipiga tupa, akaiweka pembeni. Ile ya kiwandani ikakataa kuingia. Lazima uikandamize kwa nguvu iinamie chini ya nyundo huku mkono mwingine unakaza skrubu, na yeye hakuwa na nguvu ya kukandamiza. Alijaribu, ikamruka. Akajaribu tena. Kisha akasema bila kunitazama, "Restuta, weka kidole hapa."

Nikamtazama Tarsem, akaitikia kwa kichwa. Nikaweka kidole gumba changu, nikakandamiza, kamani ikainama, mzee akakaza skrubu. Akafunga mpini, akafuta alama za vidole, akanisogezea bastola ikiwa imeelekea ukutani.

"Koki," akasema. "Tuone inakamata."

Nilikaza mwili mzima. Miezi yote ile nilikuwa nimemwona akipambana na chuma kile, kucha imekuwa nyeupe, meno yameumana, na nilikuwa nimejiandaa kwa kitu kama kufungua gurudumu la lori. Nikaweka kidole, nikavuta.

Ikaja. Ikaja yote kwa mara moja, bila tabu yoyote, kama kufungua dirisha, ikakamata kwa ule mlio wake. Haikuwa nzito. Haijawahi kuwa nzito. Kidole changu hakikuona kazi hata kidogo, na hapo ndipo nilipoelewa mkono wa mzee yule ulikuwa umefika wapi, wakati mimi nilikuwa nagombana naye kuhusu hita.

Tarsem akageuka kushughulika na birika.

"Nzito?" akaniuliza mzee.

"Nzito, baba."

Hakunitazama usoni. Alikitazama kidole changu, ambacho hakikuwa hata na alama. "Muongo wewe," akasema, kwa upole kabisa. Akanionyesha jinsi ya kuishusha nyundo bila kuipiga, akamsogezea Tarsem bastola na fomu, akauliza koti lake liko wapi.

Ile kamani nyembamba aliisahau juu ya kaunta, au aliiacha. Tarsem aliniitia kwenye ngazi anipe, nikamwambia aitupe.

Kwenye treni tulikaa kwa kuelekeana na watu, abiria wa kawaida, wanawake na mifuko yao ya Ilford, mwanafunzi mmoja na kitabu. Mzee Praful aliweka mikono yote miwili juu ya magoti. Wa kushoto ulitetemeka njia nzima, mbele ya kila mtu, na hakuurudisha mfukoni.